Laptopu Inachemka: Lini Ulipie Kusafishwa kwa Ndani na Lini Pesa Ibaki Mfukoni

Kuanzia Juni mpaka mvua za vuli zikaribie, vumbi la Arusha halichagui mtu. Linaingia dukani Kwa Mrombo, linaingia ofisini Sakina, linatua juu ya kaunta iliyofutwa asubuhi hiyohiyo. Ndicho kipindi ambacho laptopu nyingi hufikishwa kwa fundi na ombi moja: "Nifanyie sevisi, imekuwa nzito." Fundi mwenye haraka anaifungua, anaipuliza kwa blowa, anapokea hela, na mteja anaondoka na laptopu ileile nzito. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi hela ile ilihitajika kwa kitu kingine ndani ya mashine hiyohiyo.

Kusafisha laptopu kwa ndani hutibu joto. Hakutibu diski iliyochoka, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ndogo, virusi wala betri iliyokufa. Kabla hujauliza bei, thibitisha mambo mawili: kwamba tatizo ni joto kweli, na kwamba joto hilo linatokana na hewa kushindwa kupita. Yote mawili unaweza kuyapima nyumbani bila kugusa bisibisi.

## Joto linavyotoka, na vumbi linakokaa

Juu ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za mashine, kuna pesti ya kijivu. Kazi yake ni kupitisha joto kwenda kwenye bomba bapa la shaba lililokandamizwa juu yake. Bomba hilo linapeleka joto pembeni, kwenye mapezi membamba ya shaba au aluminiamu, na feni inapuliza hewa kati ya mapezi hayo itoke nje kupitia matundu ya ubavuni au nyuma.

Vumbi huingia na hewa kupitia matundu ya chini, hupita kwenye feni, halafu hunasa kwenye mapezi upande wa ndani, ule unaotazamana na feni. Kwa hiyo unaweza kumulika tundu la nje kwa tochi ukaona mapezi yanang'aa, kumbe upande wa pili kuna utando mzito kama kipande cha blanketi. Kutazama kwa nje hakutoshi kusema "ni safi", na mtu anayekuambia "ni chafu" kwa kutazama tundu tu hajui zaidi yako. Kipimo cha kuaminika ni nyuzi joto.

Mahali ulipo nako kuna mchango wake. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Hewa nyepesi hubeba joto pungufu hata feni ikizunguka kwa kasi ileile. Watengenezaji wengi huruhusu laptopu itumike mpaka karibu mita 3,000, kwa hiyo mwinuko peke yake hauui mashine, ila unakupunguzia akiba. Moshi iko chini zaidi, lakini Januari na Februari mchana hupanda juu ya nyuzi 30, na kila uzi mmoja unaoongezeka chumbani huongeza karibu uzi mmoja kwenye prosesa. Mashine iliyokuwa ikihimili Julai pale Rau, Moshi, inaweza kuanza kulalamika Februari bila vumbi kuongezeka hata kidogo.

## Pima kwanza

Kwenye Windows, pakua HWiNFO. Ni programu ya bure, na inaonyesha joto la prosesa, kasi yake, na kama imewahi kupunguzwa kasi kwa sababu ya joto. Watumiaji wa Linux wanaweza kusakinisha lm-sensors na kuandika amri ya sensors.

Weka laptopu juu ya meza ngumu, chomeka chaja yake halisi, funga programu zote, uiache itulie dakika kumi. Andika nyuzi joto. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha prosesa, RAM na diski zinatumika kwa asilimia ngapi. Andika na hizo. Baada ya hapo ipe kazi nzito, kama kubadilisha video kwenda aina nyingine ya faili au mchezo mkubwa, kwa robo saa, na uandike kiwango cha juu kilichofikiwa pamoja na kasi ya prosesa kwa GHz.

Laptopu yenye afya ikiwa imetulia hukaa kati ya nyuzi 40 na 55 hivi. Ikifanya kazi nzito, 75 mpaka 90 si ajabu. Laptopu zimeundwa kuvumilia hilo, na prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, wakati za AMD ziko kati ya 95 na 105. Usishtuke kwa kuona 85. Shtuka ukiona inagonga kikomo ndani ya dakika moja au mbili, kisha kasi inaporomoka kutoka GHz 3 kwenda 1 na kitu na kubaki hukohuko.

Kuna namba nyingine ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayookoa hela nyingi zaidi: matumizi ya prosesa wakati hufanyi kitu. Laptopu ikiwa na nyuzi 70 huku prosesa inatumika asilimia 3, hewa haipiti. Hapo sevisi ina maana. Ikiwa na nyuzi 70 huku prosesa inatumika asilimia 60, kuna programu inayoichosha. Inaweza kuwa Windows inajisasisha, kivinjari chenye kurasa arobaini, au programu hasidi iliyoingia kupitia flashi ya stesheneri. Mashine hiyo ukiisafisha mpaka ing'ae, feni itaendelea kuunguruma.

## Feni inaunguruma saa zote

Angalia kwanza unapoiweka. Kitandani, kwenye kochi, juu ya kitenge mapajani: matundu ya hewa yapo chini, na kitambaa kinayaziba yote. Ihamishie mezani, pima tena. Ikishuka nyuzi kumi, umeshapona bure.

Ikibaki juu, soma matumizi ya prosesa kama nilivyoeleza. Prosesa ikiwa imetulia na feni bado iko kasi ya juu, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Hewa nyingi yenye moto inamaanisha njia iko wazi na joto linatoka. Hewa kidogo huku feni inalia kwa nguvu inamaanisha mapezi yameziba. Hewa nyingi lakini vuguvugu tu, huku prosesa inasoma 95, inaelekeza kwenye pesti iliyokauka: joto linazalishwa lakini halifiki kwenye mapezi. Hili la mwisho nalikuta sana kwenye laptopu za mtumba zilizotoka ofisi za Ulaya na Dubai, zile Latitude, EliteBook na ThinkPad zilizofanya kazi miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Kwa hizo, kupuliza peke yake hakutoshi. Kama fundi hatabadilisha pesti, usilipe.

Mlio wa kukwaruza au kugonga ni habari nyingine. Hizo ni beringi za feni. Feni ya hivyo hubadilishwa.

Na kama HP yako inapowaka inaleta ujumbe wenye msimbo 90B, au ThinkPad inaandika Fan error kisha inajizima, mashine inasema feni haizunguki ipasavyo. Pengine ni uchafu umeikaba, pengine imekufa. Hapo kuifungua ni lazima, ila kubalianeni mapema kuhusu bei ya feni mpya.

## Inazima ghafla

Uliza inazima katika hali gani.

Ikizima ikiwa kwenye kazi nzito, baada ya dakika kadhaa, ubavu ukiwa wa moto, halafu ikikataa kuwaka au ikiwaka na kuzima tena mpaka ipoe, hiyo ni joto. HP huweza kuonyesha msimbo 90D baada ya hapo, kuthibitisha kwamba ilijizima kujiokoa. Ipeleke isafishwe, na usiendelee kuilazimisha kwa sababu eti ripoti inatakiwa kesho.

Ikizima ikiwa kwenye betri tu, na asilimia zilikuwa zinasoma 30 au 40, betri ndiyo imechoka. Ikizima ukitikisa waya, ni chaja au tundu la kuchajia. Ikileta skrini ya bluu yenye maandishi, inaweza kuwa RAM, diski au kiendeshi (programu inayoendesha kifaa) kibovu. Joto ni mtuhumiwa mmoja kati ya wengi, na namba za HWiNFO ndizo zitakazomshtaki au kumwachia huru.

## Nzito, lakini haina moto

Mwanafunzi wa chuo cha ushirika hapa Moshi aliwahi kuja na laptopu mgongoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Ina nini?"

"Naomba sevisi ya ndani. Inachukua dakika tano kuwaka, na nikifungua Excel inaganda. Wenzangu wamesema ni vumbi."

Nilipima mbele yake: nyuzi 48, feni kimya, diski asilimia 100 bila kushuka. Ilikuwa na diski ya zamani ile inayozunguka, na RAM ya GB 4.

"Vumbi lipo mwanangu, lakini silo linalokuchelewesha. Hela ya sevisi iweke, ukifikisha bei ya SSD urudi."

Hali hii naikuta kuliko zote. Diski inayozunguka ikitumika asilimia 100 kila laptopu inapowaka, mashine huonekana imechoka wakati prosesa inakaa tu kusubiri. SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 256, hubadilisha laptopu hiyo siku hiyohiyo. Baada ya hapo ongeza RAM ifike GB 8. Usafi unaweza kufanyika wakati uleule imefunguliwa kuwekewa SSD, na fundi muungwana hatakutoza bei kamili ya sevisi kwa kuwa mfuniko tayari uko wazi. Mwombe.

Kama diski yenyewe ina dalili za kufa, kama kugonga, mafaili kupotea au kuganda ukifungua folda fulani, acha kila kitu na hamisha kazi zako kwanza. Mapezi machafu yanaweza kusubiri mwezi, diski inayokufa haisubiri.

## Nzito ikiwa kwenye chaja tu

Hii huwapoteza hata mafundi. Laptopu za Dell zenye ncha ya mviringo zina pini nyembamba katikati ya chaja, na kupitia pini hiyo mashine huitambua chaja na uwezo wake. Pini ikivunjika au chaja ikiwa bandia, laptopu hukataa kuchaji betri na huibana prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Mtumiaji anaona uzito wa kutisha, anadhani ni joto. Pima: kasi imekwama chini ya GHz 1 wakati nyuzi ni 45. Joto halina hatia hapo. Azima chaja halisi kwa jirani, jaribu, umalize.

Kwa laptopu zinazochajiwa kwa USB-C, jambo linafanana na hilo ukitumia chaja ya simu. Mashine iliyotengenezewa wati 65 ukiipa wati 20, itajibana.

## Kilichomwagika ndani

Chai ya maziwa, soda, supu. Hapa sina maswali ya kuuliza: mpelekee fundi leo, alipwe au asilipwe mapema ni maelewano yenu. Sukari na maziwa vikikauka juu ya madabodi (bodi kuu ya mashine) huvuta unyevu na kula njia za shaba taratibu, na laptopu iliyoonekana imepona hufa wiki kadhaa baadaye.

Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi mpaka izime. Chomoa chaja. Betri kama inatoka kwa nje, itoe. Igeuze kibodi itazame chini kwa mtindo wa hema. Usiiwashe "kujaribu tu", na usiifukie kwenye mchele. Mchele hauondoi sukari, na vumbi la pumba linaongeza uchafu. Huu ndio usafi wa ndani ambao thamani yake haina mjadala.

## Mfuniko umevimba

Tachipadi imeinuka, au laptopu haikai sawa juu ya meza. Betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiichaji, usikubali mtu aanze kuisafisha huku betri ile ikiwa ndani. Itolewe, ibadilishwe, ile ya zamani isitupwe jalalani wala isichomwe.

## Mashine ambazo hazina cha kusafishwa

MacBook Air kuanzia zile za M1 za mwaka 2020 hazina feni kabisa. Laptopu nyingi ndogo zenye Celeron za wati chache nazo hivyohivyo. Hazivuti hewa, kwa hiyo hazikusanyi ule utando. Ukiambiwa MacBook Air ya M1 "imejaa vumbi kwenye feni", chukua mashine yako uondoke.

## Nani anahitaji mara kwa mara

Siamini kalenda ya "kila miezi sita" kwa watu wote. Laptopu inayokaa ofisini Njiro kwenye vigae, madirisha yamefungwa, inaweza kwenda miaka bila kuhitaji kufunguliwa. Ile ya duka la simenti Sombetini, ya mwenye mashine ya kusaga Mbuyuni, au ya mfugaji wa kuku anayeweka hesabu bandani, inaweza kuziba ndani ya msimu mmoja. Inayotumika karibu na jiko la mkaa ina shida ya ziada: moshi na mafuta hulifanya vumbi linate, blowa hailing'oi, inatakiwa brashi na spiriti. Mende nao hupenda ule uvuguvugu, na kinyesi chao huharibu madabodi.

Ukiamua kusafisha mara moja tu kwa mwaka, subiri vuli ianze. Ukisafisha Juni, unaikaribisha miezi minne ya vumbi ukiwa na mapezi safi.

## Kazi inavyotakiwa kufanyika

Kabla hujamkabidhi, hifadhi kazi zako mahali pengine, na andika ukubwa wa RAM, aina ya SSD na namba ya mashine iliyoko chini. Piga picha. Fundi mwaminifu hachukii hilo, na wewe unalala usingizi. Kama laptopu bado iko kwenye dhamana, uliza muuzaji kwanza iwapo kuifungua kutaifuta.

Ikiwezekana kaa uone. Betri ichomolewe kutoka kwenye madabodi kabla ya kitu kingine chochote. Feni itolewe, au angalau ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Ikizungushwa na upepo wa blowa hupita kasi yake, huumiza beringi na huweza kurudisha umeme kwenye madabodi. Mapezi yasafishwe kutoka upande wa feni. Kopresa ya gereji ya kujazia matairi isikaribie: hewa yake ina maji na mafuta. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ipakwe mpya kiasi kidogo. Vile vipande laini vilivyo juu ya chipu nyingine, kama vimechanika, viwekwe vya unene uleule. Kikizidi unene, bomba la shaba halikai sawasawa juu ya prosesa. Skrubu za bomba hilo mara nyingi zina namba zilizochapwa pembeni yake, zifungwe kwa mpangilio huo.

Anayesema hafungui, atapuliza tu kwa nje kupitia matundu, anakuuzia nafuu ya muda mfupi. Wakati mwingine hewa inapata upenyo, wakati mwingine donge linasukumwa likarudi kwenye feni. Hilo unaweza kulifanya mwenyewe, laptopu ikiwa imezimwa, kwa kupuliza kidogokidogo.

Kisha rudia kipimo kilekile: meza ileile, robo saa ileile, kazi ileile, ikiwezekana saa zilezile za siku ili hewa ya chumbani isikudanganye. Mashine iliyokuwa imeziba kweli hushuka nyuzi kumi au zaidi, na kasi yake haiporomoki tena. Ikishuka nyuzi mbili au tatu tu, vumbi halikuwa sababu. Na ikiwa imepanda kuliko mwanzo, kuna kitu hakikufungwa vizuri: bomba halijakaa juu ya prosesa, pesti haikuenea, au waya wa feni haukurudishwa. Mwonyeshe fundi namba zako za kabla na za baada, umwombe aifungue tena mbele yako siku hiyohiyo, bila malipo mengine.